SOMO: Jinsi kompyuta ya kituo cha afya inavyosoma daftari lililo nje yake



Wazazi huweza kujiuliza: "Mtoto wangu alichanjwa na kadi ninayo. Kwa nini mhudumu wa afya amekuja nyumbani kusema hajachanjwa?" Katika somo hili tutaeleza jinsi kompyuta inavyopata orodha ya watoto hao, na kile ambacho mzazi anaweza kufanya ili isikosee.

Kumbukumbu hazikai mahali pamoja

Tuchukue mfano wa kituo kimoja. Ndani ya kompyuta yake kuna hifadhidata, yaani majedwali yaliyopangwa kwa mistari na safu. Humo mna majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa na namba za kadi. Lakini timu ya chanjo hufanya kazi kwenye zoni na huandika katika daftari. Jioni taarifa huingizwa katika faili la kawaida la maandishi. Kila mstari ni chanjo moja: namba ya kadi, aina ya chanjo, tarehe, zikitenganishwa kwa alama ya mkato.

Sasa mganga anauliza: "Ni watoto gani wametimiza miezi 9 na hawajapata chanjo ya surua?" Umri uko kwenye hifadhidata, chanjo ziko kwenye faili. Afanyeje?

Anaweza kunakili faili lote ndani ya hifadhidata kila siku. Lakini siku atakayosahau, jibu litakuwa la jana. Njia nyingine ni kuiongezea hifadhidata uwezo wa kusoma faili hapo hapo lilipo.

Mtafsiri wa kompyuta

Kliniki tumezoea kuwa na mkalimani. Daktari hajui Kibembe wala Kirundi, lakini humwuliza mgonjwa kupitia mkalimani, na jibu hurudi katika lugha anayoielewa. Hifadhidata nayo huwekewa mtafsiri.

Mfano ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotolewa bure. Chimbuko lake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ilibuniwa ili iweze kuongezewa mambo mapya. Toleo la 9.1 la mwaka 2011 liliiwezesha kusoma data iliyo nje kana kwamba ni jedwali lake. Kazi hufanyika hivi:

1. Fundi anaweka mtafsiri, yaani programu ndogo inayojua kusoma aina hiyo ya faili.

2. Anaeleza umbo la faili: liko wapi, lina safu zipi, ipi ni namba, ipi ni maneno, ipi ni tarehe. Hili huitwa jedwali la nje. Hakuna kinachonakiliwa.

3. Mganga anapouliza, hifadhidata humwuliza mtafsiri: "Kwa makadirio, kuna mistari mingapi?" Kisha: "Fungua. Nipe mstari. Nipe mwingine." Mistari ikiisha, faili hufungwa.

4. Hifadhidata hulinganisha namba za kadi za pande zote mbili. Mtoto asiyeonekana kwenye chanjo ya surua huingia kwenye orodha ya kutembelewa.

Faida yake ni kwamba mstari ulioongezwa leo jioni utaonekana swali likiulizwa tena. Hasara yake ni kwamba faili la namna hii husomwa lote, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kila swali linapoulizwa. Likiwa kubwa sana, jibu huchelewa.

Mambo yanayokuhusu wewe mzazi

Namba. Mtafsiri hajui sura ya mtoto wako. Anajua namba tu. Tarakimu moja ikikosewa, mtoto aliyechanjwa ataonekana hajachanjwa. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo, na hapo kadi yako itarekebisha. Lakini ikiwa namba iliyoandikwa kimakosa ni ya mtoto mwingine, huyo mwingine ataonekana amechanjwa, na hakuna atakayemfuata. Surua huenea upesi penye msongamano na huua watoto wadogo. Kwa hiyo, usiazime kadi ya mtoto mwingine, na usikilize namba inaposomwa.

Tarehe. Mtafsiri akitegemea tarehe na kukuta 31/02, kwa kawaida swali zima hukwama, hata kama mistari mingine yote ni sahihi. Ndiyo maana mhudumu hukuomba uonyeshe kadi badala ya kukisia siku.

Siri. Katika hifadhidata, fundi anaweza kumruhusu mtumishi kusoma safu fulani tu. Lakini kufuli hilo halilindi faili lililo nje. Anayeweza kulifungua atasoma yote. Hivyo faili la chanjo halipaswi kuwa na habari za magonjwa mengine. Una haki ya kumwuliza mhudumu anaandika nini na nani atasoma.

KUMBUKA: Kompyuta hujibu kulingana na kilichoandikwa. Tunza kadi ya kliniki mahali pakavu, ilete kila unapokuja, na mhudumu akibisha hodi kuuliza chanjo, usikasirike. Mwonyeshe kadi, mkasahihishe pamoja.