NCHI JIRANI: Somo la Zambia juu ya Mwenzetu Ambaye Hajaamua



Uchaguzi mkuu unapokaribia, wafanyakazi hugawanyika makundi matatu. Wako walio upande huu, wako walio upande ule, na wako wanaosema, "Mimi bado naangalia." Hawa wa tatu ndio huwaudhi wenzao kuliko hata wapinzani. Msimamo wa mpinzani unajulikana. Lakini huyu, nchi iko njia panda, bei ya unga imepanda, kazi ziko hatarini, naye hata wiki ya mwisho hajajua atakwenda wapi. Basi huitwa popo, si ndege si mnyama. Huitwa mwoga. Wengine humwita msaliti.

Somo letu linauliza: je, hasira hiyo inatusaidia? Tutachukua mfano wa jirani zetu wa Zambia, kwa sababu huko jambo hili limeonekana kwa hesabu, na kwa sababu wafanyakazi wa nchi hiyo walikuwa mstari wa mbele. Somo hili halimpigii debe mgombea yeyote.

1. HESABU YENYEWE

Rais Michael Sata alifariki Oktoba 2014, na tarehe 20 Januari 2015 Wazambia wakapiga kura ya kumpata mwingine. Edgar Lungu alipata kura 807,925. Hakainde Hichilema alipata 780,168. Tofauti yao haikufika 28,000. Sasa tazama upande wa pili: walioandikishwa walizidi milioni 5, na waliopiga kura walikuwa kama theluthi moja tu. Karibu watu milioni 3 na nusu hawakupiga. Si wote waliokuwa wakisitasita. Ulikuwa msimu wa mvua kubwa, na wengine walikuwa wagonjwa au safarini. Hata hivyo, kwa kila kura moja ya tofauti kulikuwa na majina zaidi ya 120 ambayo hayakupiga.

Mwaka 2016 katiba ilikuwa imebadilishwa. Mshindi alitakiwa kupita nusu ya kura zote halali, la sivyo uchaguzi urudiwe kati ya wawili wa kwanza. Lungu alipata asilimia 50.35. Alivuka nusu kwa kura kama 13,000 tu. Na kura zilizoharibika katika uchaguzi huo zilizidi 85,000.

Kisha tarehe 12 Agosti 2021 watu saba katika kila kumi walioandikishwa walijitokeza. Hichilema, aliyekuwa akigombea kwa mara ya sita, alishinda kwa karibu kura milioni moja, na Lungu akakubali kushindwa.

Fundisho la kwanza ni hili: kutoamua nako ni kuamua. Mwaka 2015 nchi haikungoja. Rais alipatikana, na aliyebaki nyumbani aliwaachia wengine wamchagulie.

2. KWA NINI MTU HUSITA?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani anayesita hana habari, au hajali. Turudi nyuma tuone.

Juni 1990 bei ya unga wa mahindi nchini Zambia ilipandishwa zaidi ya mara mbili, na ghasia zikatokea. Kenneth Kaunda na chama chake cha UNIP walikuwa wametawala tangu uhuru mwaka 1964. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ZCTU, likasimama upande wa mabadiliko. Mwenyekiti wake, Frederick Chiluba, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1981, akagombea urais kwa chama cha MMD. Tarehe 31 Oktoba 1991 alipata kama robo tatu ya kura zote. Kwa wachimba shaba wa Copperbelt, huyu alikuwa mtu wao anaingia Ikulu.

Yaliyofuata ni machungu. Serikali hiyo ikauza mashirika ya umma. Kati ya 1997 na 2000 migodi ya shaba ikauzwa vipande vipande. Maelfu wakapoteza kazi, na huduma ambazo kampuni ya migodi ilizipa familia za wafanyakazi zikapungua.

Mtu aliyepitia hayo akisema, "Wote ni wale wale," hasemi kwa ujinga. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukimwita popo, umemwongezea sababu ya kubaki nyumbani.

Lakini habari haiishii hapo. Mwaka 1991 Kaunda aliondoka kwa amani, kwa karatasi, si kwa risasi. Na mwaka 2001, wafuasi wa Chiluba walipotaka agombee mara ya tatu kinyume cha katiba, makanisa, wanasheria na vyama vya wanawake walikataa kwa sauti moja, naye akaacha. Kura si hirizi ya kuvaa shingoni ukalala. Ni kama jembe: kulinunua si kulima. Waliovunjika moyo Zambia walikuwa na haki ya kuvunjika moyo, ila dawa ya serikali iliyowaangusha ilikuwa kuibana, si kuiachia.

3. TUZUNGUMZE NAYE VIPI?

Kwanza, muulize kabla ya kumhubiria. "Ndugu, ni jambo gani linalokuzuia?" Kisha nyamaza usikilize mpaka amalize.

Pili, shika jambo moja linalogusa mshahara wake, karo ya mtoto wake au zahanati ya shambani. Kila mgombea amesema nini juu ya jambo hilo, na alipokuwa na madaraka alifanya nini? Usimlishe hotuba ya mkutano wa hadhara.

Tatu, usiahidi miujiza. Aliyekwisha kudanganywa mara moja huijua harufu ya uongo.

Nne, heshimu siri yake. Kura ni ya siri. Mwenye kiwanda hana haki ya kuuliza, nyapara hana haki, wala wewe huna.

Tano, saidia katika mambo madogo. Je, jina lake limo daftarini? Anajua kuweka alama vizuri ili kura isiharibike? Kumbuka zile 85,000. Na zamu je? Katibu wa tawi azungumze na uongozi mapema, ili wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku wote wapate nafasi ya kwenda kituoni.

Na kwako wewe unayesita, ndugu yetu, tuna neno moja. Ukiwa umewapima wote na hujaridhika, una haki hiyo. Lakini pima mpaka mwisho, ukaamue mwenyewe. Huwezi kupata mgombea asiye na kasoro. Uliza ni yupi utaweza kumdai na kumbana kesho akikosea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Katika idara yako, ni wangapi wanasema "bado naangalia"? Umewahi kuwauliza sababu?
2. Kwa nini wafanyakazi wa Zambia walivunjika moyo baada ya 1991? Chama cha wafanyakazi kifanye nini ili kiweze kuidai hata serikali ya rafiki yake?
3. Tawi letu litahakikishaje kwamba hakuna mwanachama atakayekosa kupiga kura kwa sababu ya zamu?