Chakula cha Bakteria wa Utumbo na Ugonjwa wa Skizofrenia

Siku moja, baada ya mazungumzo ya sayansi na wanafunzi wa sekondari huko Mbalizi, karibu na mji wa Mbeya, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Kaka yake ana ugonjwa wa skizofrenia na anatumia dawa za hospitali. Mchuuzi mmoja alikuwa amewaambia wazazi wao kwamba unga wa kusafisha tumbo utamponya, na kwamba dawa za hospitali ziachwe. Kijana akauliza: “Je, Mwalimu, tumbo laweza kuuponya ubongo?”

Swali hilo ni la kisayansi, tena linagusa uhai wa mtu. Katika makala haya tutalijibu hatua kwa hatua.

Skizofrenia ni nini?

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, ashikilie mambo yasiyo ya kweli, mawazo yake yavurugike, na mara nyingi ajitenge na watu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba unawapata watu wapatao milioni 24 duniani, yaani mtu mmoja kati ya 300. Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi na mazingira. Si laana, wala si kosa la wazazi.

Tiba ya dawa ilianza mjini Paris mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipotumia klopromazini. Dawa za namna hii huzuia vipokezi vya dopamini katika ubongo, na zimewawezesha wagonjwa wengi kurudi nyumbani na kazini. Lakini baadhi yake huongeza hamu ya kula na uzito wa mwili. Nyingine, kama klozapini, pamoja na benzheksoli inayotolewa ili kupunguza kukakamaa na kutetemeka kwa misuli, hupunguza mwendo wa utumbo. Matokeo yake ni mgonjwa kufunga choo, pengine kwa kiasi cha kuhatarisha maisha.

Shamba lililo ndani ya utumbo

Utumbo mpana ni makao ya bakteria wengi mno. Idadi yao inakaribia idadi ya seli zote za mwili wetu. Vimeng’enya vyetu haviwezi kuzivunja nyuzinyuzi za vyakula vya mimea. Nyuzinyuzi hizo hufika katika utumbo mpana zikiwa bado nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoufunika utumbo mpana kwa ndani, na husaidia kutuliza uvimbe.

Mwaka 1995 wataalamu Glenn Gibson na Marcel Roberfroid walitoa jina la pribiotiki kwa chakula kinachowanufaisha bakteria wenye manufaa kwetu. Pribiotiki si bakteria. Ni chakula chao. Bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya huitwa probiotiki. Mfano wa pribiotiki ni inulini, iliyomo katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Mwanafunzi asiichanganye na insulini, ambayo ni homoni ya kongosho.

Utumbo na ubongo huwasiliana kwa njia tatu: mshipa wa fahamu uitwao vagasi, kemikali zinazosafirishwa na damu, na mfumo wa kinga. Kwa hiyo dhana kwamba hali ya utumbo yaweza kuugusa ubongo haipingani na sayansi.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Elimu ya nyuzinyuzi inadaiwa mengi na eneo letu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, pamoja na Hugh Trowell aliyetibu watu Kenya na Uganda, walitambua kwamba baadhi ya magonjwa yaliyoenea Ulaya yalikuwa nadra vijijini kwetu. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hupita upesi zaidi tumboni na kutoa choo kizito zaidi.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kilimanjaro na wataalamu wa Tanzania na Uholanzi kwa vijana wa kiume 77. Waliobadilishiwa chakula cha asili wakapewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili walionyesha dalili zaidi za uvimbe katika damu. Waliobadilishiwa kinyume chake walipata nafuu. Utafiti huo ulipima kinga ya mwili, haukupima ugonjwa wa akili.

Je, pribiotiki hutibu skizofrenia?

Tafiti kadhaa zimeona kwamba bakteria wa wagonjwa wa skizofrenia wanatofautiana na wa watu wengine. Lakini hapa tuwe waangalifu. Mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Huenda tofauti hiyo imeletwa na chakula, tumbaku au dawa zenyewe.

Njia ya kuamua ni jaribio lenye kundi la kulinganishia. Mwaka 2014 Faith Dickerson na wenzake huko Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 65: wengine walipewa probiotiki na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa majuma 14. Dalili za akili hazikutofautiana. Ila waliopewa probiotiki walipata taabu kubwa ya choo kwa nadra zaidi. Majaribio ya pribiotiki zenyewe kwa wagonjwa hawa bado ni machache na madogo.

Kwa hiyo jibu la kijana wetu ni hili: chakula cha bakteria chaweza kuusaidia utumbo wa kaka yake, hakijathibitishwa kuwa tiba ya skizofrenia. Kuacha dawa ghafla huleta hatari kubwa ya ugonjwa kurudi.

Hakuna haja ya kununua unga wa bei kubwa. Soko la Mbalizi lina maharage, ambayo sukari zake zisizomeng’enywa ndizo zinazoleta gesi. Lina vitunguu, ulezi, ndizi na viazi. Dona lina pumba na kiini vilivyoondolewa katika sembe. Viazi vilivyopikwa vikapoa huwa na wanga sugu zaidi, ambao pia huwafikia bakteria. Vyakula hivi viongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha. Mgonjwa aliyefunga choo kwa siku kadhaa, au mwenye maumivu ya tumbo na kutapika, apelekwe hospitali bila kukawia.

Jaribio la darasani

Pika uji mwepesi wa mahindi, uache upoe, kisha ugawe katika chupa mbili safi. Chupa ya kwanza itie vijiko viwili vya togwa iliyochacha. Ya pili itie vijiko viwili vya togwa hiyo hiyo iliyochemshwa ikapozwa. Funika bila kukaza. Baada ya siku mbili, pima kila chupa kwa karatasi ya litmasi ya buluu. Usionje.

Maswali

1. Kwa nini chupa ya pili ilitiwa togwa iliyochemshwa?
2. Eleza tofauti kati ya pribiotiki na probiotiki.
3. Mtu asema: “Jirani alikunywa unga huu akapona.” Ungehitaji ushahidi gani zaidi kabla ya kukubali?