Imani Hukua kwa Kuuliza

Mtoto mchanga anapobatizwa, wazazi na wasimamizi huikiri imani kwa ajili yake. Siku ya Kipaimara hujibu mwenyewe. Kati ya majibu hayo mawili ndipo maswali huzaliwa.

Huku Pande, Kilwa, Wakristo tu wachache kati ya majirani Waislamu. Kijana wetu huulizwa mapema: Mungu mmoja awaje Nafsi tatu? Akilileta swali nyumbani akakemewa, hunyamaza. Baadaye huacha kusali.

James Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alieleza kuwa kuhoji ni hatua mojawapo ya kukomaa kiimani. Basi tumsikilize, tutafute jibu pamoja. Hata sisi watu wazima hurudia ahadi za ubatizo kila Mkesha wa Pasaka: bado tunakua.