SOMO LA URAIA: Msimamo wa Mgombea na Mamlaka ya Bunge – Mfano wa Visiwa vya Hawaii

Mgombea anapopanda jukwaani huulizwa mambo mengi: nyumba, bei ya chakula, mishahara, shule. Naye huyajibu yote, kwani hakuna mgombea apendaye kuonekana hana jibu. Ni wajibu wa mpiga kura, na hasa wa mtumishi wa Serikali ambaye kesho atatakiwa kuitekeleza ahadi hiyo, kupambanua lipi limo katika uwezo wa chombo anachokiomba mgombea na lipi limo mikononi mwa wengine. Somo hili linalitazama jambo hilo kwa mfano wa Hawaii, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambavyo tangu tarehe 21 Agosti, 1959 ni jimbo la 50 la Marekani. Wakaazi wa visiwa, popote walipo, wanafanana kwa mengi: bidhaa huwajia kwa meli, ardhi yao ni ndogo, na utalii huipandisha bei ya ardhi hiyo.

Bunge la Hawaii lina Seneti yenye wajumbe 25 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 51. Juu yake lipo Bunge la nchi nzima mjini Washington, yaani Kongresi. Chini yake zipo kaunti za Honolulu, Maui, Kauai na Hawaii, kila moja na meya wake na halmashauri yake. Msomaji wa Zanzibar aliyezoea kutenga mambo ya Muungano na yasiyokuwa ya Muungano hatapata taabu kuuelewa mgawanyo huo.

Tuanze na bei ya chakula. Ipo sheria ya mwaka 1920, ijulikanayo kwa jina la Jones, inayotaka meli zichukuazo mizigo baina ya bandari za Marekani ziwe zimeundwa Marekani, zimilikiwe na Wamarekani na ziendeshwe na mabaharia wa huko. Watu wengi wa Hawaii huilaumu sheria hiyo kwa ughali wa bidhaa. Mgombea wa Bunge la jimbo aahidipo kuifuta, anaahidi asichokuwa nacho. Sheria hiyo ni ya Kongresi, na la mwisho analoweza yeye ni kupitisha azimio la kuiomba. Lakini ipo kodi ya jumla ya biashara, ya asilimia 4, ambayo hutozwa hata kwenye chakula. Hiyo ni kodi ya jimbo. Mgombea anaweza kupiga kura ya kukisamehe chakula, na hapo ndipo swali gumu linapoingia: pengo la mapato litazibwa kwa fedha ipi? Mgombea asemaye sana juu ya meli na kunyamaza juu ya kodi amechagua upande usiomgharimu kitu.

Katika elimu mambo hugeuka. Shule zote za umma za Hawaii zimo chini ya Idara moja ya jimbo, si chini ya kaunti. Hata hivyo kodi ya ardhi na majengo, kwa mujibu wa Katiba ya Hawaii, ni ya kaunti. Mwaka 2018 Bunge la jimbo lilitaka wananchi waulizwe kama liruhusiwe kutoza nyongeza kwenye mali za kitega uchumi ili kugharimia elimu. Kaunti zilikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba, siku chache kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu kabisa ya Hawaii ikalibatilisha swali lile kwa kuwa halikuwa wazi. Mgombea aliyeijenga ahadi yake ya mishahara ya walimu juu ya kodi hiyo alijikuta hana msingi hata kura hazijapigwa.

Suala zito kuliko yote ni nyumba. Tarehe 8 Agosti, 2023 moto uliuteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, ukaua watu zaidi ya 100 na kuwaacha maelfu bila makaazi. Waliookoka walitafuta nyumba za kupanga huku nyumba nyingi zikiwa zimetengwa kwa ajili ya watalii wa siku chache. Mwezi Mei, 2024 Gavana Josh Green alitia saini sheria iliyozipa kaunti uwezo wa wazi wa kuziondoa nyumba za namna hiyo, na mwezi huo huo Meya wa Maui akapendekeza takriban nyumba 7,000 zirejeshwe kwa wakaazi. Hivyo mgombea wa jimbo akiulizwa, “Utaziondoa?”, jibu la haki ni kuwa Bunge limekwishatoa ufunguo, na mlango unafunguliwa na halmashauri.

Lipo pia neno “naunga mkono”, ambalo ni rahisi mno kutamkwa. Mswada wa Hawaii unaweza kufa bila ya mjumbe hata mmoja kuupinga hadharani. Inatosha mwenyekiti wa kamati asiupangie siku ya kusikilizwa. Kima cha chini cha mshahara kilibaki dola 10.10 kwa saa tangu Januari 2018. Mwaka 2019 mswada wa kukipandisha ulifia katika mashauriano ya mwisho baina ya mabaraza mawili. Sheria ilipatikana mwaka 2022, nayo iliweka ngazi mpaka dola 18 mwaka 2028. Kwa mjumbe anayetetea kiti, basi, lenye manufaa zaidi kuulizwa ni alikuwa katika kamati gani mswada ulipokwama, na alifanya nini.

Magazeti ya huko, likiwemo Honolulu Civil Beat, huwapelekea wagombea maswali ya maandishi na kuyachapisha majibu yao. Majibu hayo husomwa mapema. Chama cha Democratic kina wingi mkubwa wa viti, hivyo katika maeneo mengi mshindi hujulikana katika kura ya mchujo ya mwezi Agosti. Tangu mwaka 2020 karatasi za kura hupelekwa majumbani kwa posta kabla ya siku hiyo, na anayengoja mwezi Novemba ndipo aanze kuuliza mara nyingi hukuta jina moja tu limebaki.