Gari Likiharibika Kabisa: Namna ya Kumaliza Bima, Usajili na Kodi

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari hupita Bunda na Kiabakari hadi Makutano, ambako njia ya Musoma huchepuka. Mabasi, malori ya mizigo, hiace, noah na bodaboda hugombania lami hiyo hiyo na ng'ombe wanaovushwa kwenda malishoni. Upande wa Bunda, karibu na lango la Ndabaka, hata wanyama wa Serengeti hukatiza. Septemba 5, 2014, mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Ajali nyingi, tunashukuru, hazifikii maafa ya namna hiyo. Hata hivyo nyingi humwachia mwenye gari chuma kisichotengenezeka pamoja na maswali matatu: bima italipa nini, rodi laisensi, yaani ada ya leseni ya gari, itakuwaje, na jina lake litaendelea kusomeka kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) mpaka lini? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao mwenye gari wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuufuata. Jambo la kushika ni hili: gari haliachi kuwa lako kwa sababu limepondeka. Linaacha kuwa lako pale usajili wake unapofutwa au unapohamia kwa mtu mwingine kwa maandishi.

Saa za kwanza

Majeruhi kwanza, karatasi baadaye. Toa taarifa polisi, na kila aliyeumia apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili matibabu yake yawe na kumbukumbu. Askari wa usalama barabarani watachora ramani ya eneo na gari litakaguliwa. Ramani hiyo na ripoti ya ukaguzi ndizo kampuni ya bima itakazoziomba kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo fuatilia nakala zake usizipoteze.

Piga picha za gari pande zote, za namba zake na za eneo lenyewe. Ijulishe kampuni ya bima mapema iwezekanavyo, kupitia wakala wako au moja kwa moja. Kabla brekidauni halijaliondoa gari, andika vilivyomo: betri, tairi ya akiba, redio, jeki. Usiruhusu fundi afungue spea yoyote kabla mkadiria hasara wa kampuni hajaliona gari, maana kinachokosekana siku ya ukaguzi huenda kikakatwa kwenye fidia yako. Na usimwahidi mtu malipo wala kukiri kosa kwa niaba ya kampuni. Ukiletewa wito wa mahakama, upeleke kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani kuwa na walau bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi, kwa muda mrefu imekuwa Sh118,000 kwa mwaka, yaani Sh100,000 na VAT ya asilimia 18. Bima hii huwafidia wengine: aliyegongwa, familia ya marehemu, mwenye ukuta uliobomolewa. Gari lako likiharibika kabisa ukiwa na bima ndogo peke yake, hasara ya gari ni yako.

Bima kubwa ndiyo inayolipa gari lenyewe. Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la Sh20,000,000 hulipiwa Sh700,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh826,000. Ukishalipa, hakikisha stika yako inasomeka kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa kuingiza namba ya gari au ya stika. Stika isiyosomeka humo haitakusaidia siku ya ajali.

Kwa wanaovuka Sirari kwenda Migori au Kisii: bima ya Tanzania pekee haikulindi Kenya. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, inayotolewa na kampuni za bima za hapa nchini.

Fidia inavyohesabiwa

Mkadiria hasara akiona gharama za matengenezo zinakaribia au zinazidi thamani ya gari, atapendekeza kampuni ilihesabu kuwa limeharibika kabisa. Hapo wengi hushtuka, kwa kuwa walitarajia kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye hati ya bima. Kampuni hulipa thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, na kiasi kilichoandikwa kwenye hati ndicho kikomo.

Tuseme gari lilikatiwa bima kwa Sh20,000,000, lakini siku ya ajali gari kama hilo lilikuwa likiuzwa Sh16,000,000. Hesabu inaanzia kwenye Sh16,000,000. Itatolewa sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe; tuseme ni Sh1,000,000. Ukiamua kubaki na mabaki yenye thamani ya Sh4,000,000, nayo hutolewa. Utapokea Sh11,000,000. Ukiiachia kampuni mabaki, utapokea Sh15,000,000.

Kwa hiyo, kila unapohuisha bima, thamani ya gari ipangwe upya. Ukiandika kubwa mno, unalipia ada isiyokurudia. Ukiandika ndogo mno ili kupunguza ada, fidia nayo itakuwa ndogo.

Usipokubaliana na tathmini, usisaini hati ya kukubali malipo. Leta ushahidi wa bei: matangazo ya magari ya aina na mwaka huo huo, risiti za matengenezo makubwa, au tathmini ya mtaalamu mwingine. Ukishasaini kwamba umelipwa kikamilifu, mlango wa madai umefungwa. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki hulipwa deni lake kwanza, kinachobaki ndicho chako.

Fidia ya gari zima ikishalipwa, bima hiyo kwa kawaida imemaliza kazi yake, hata kama miezi saba ilikuwa imebaki, na ada hairudishwi. Lakini mwenye bima ndogo ambaye hakudai chochote aiulize kampuni kwa maandishi kama anaweza kusitisha bima au kuihamishia kwenye gari jingine. Majibu yanategemea masharti ya mkataba. Bima haihami yenyewe pamoja na gari.

Rodi laisensi: usilipe kisichodaiwa

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na Bunge katika bajeti ya mwaka 2017/18. Tangu Julai 1, 2017 ada hiyo hulipwa mara moja tu gari linaposajiliwa, na pengo lake likazibwa kwa kuongeza ushuru wa Sh40 kwa kila lita ya mafuta. Maana yake ni mbili. Hakuna rodi laisensi ya kurudishiwa gari linapoharibika, kwa kuwa umekuwa ukiilipa kwenye kituo cha mafuta. Na hakuna anayepaswa kukudai rodi laisensi ya gari lililolala gereji. Anayekudai, mwombe namba ya malipo ya Serikali. Fedha taslimu usimpe.

Kufuta usajili

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Gari likiwa bado lina jina lako, faini za barabarani, wito wa polisi na maswali ya kodi vitakufuata wewe. Hatari kubwa zaidi ni kadi na vibao vya namba. Mtu asiye mwaminifu anaweza kuvinunua pamoja na mabaki, akavitumia kulipatia utambulisho gari la wizi.

Kama gari linakwenda skrepa, nenda ofisi ya TRA Mkoa wa Mara, Musoma, ukaombe lifutwe kwenye usajili. Beba barua ya maombi, kadi halisi ya gari, vibao vyote vya namba, ripoti ya polisi, kitambulisho na TIN. Kabla ya hapo, angalia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari lina deni la makosa ya barabarani, ulilipe. Chukua uthibitisho wa maandishi na uutunze.

Kama kampuni ya bima au fundi wa Nyasho, Musoma, anachukua mabaki, umiliki uhamishwe TRA. Usisaini fomu ya mauziano iliyoachwa wazi jina la mnunuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Gari la biashara

Mwenye hiace, noah au bajaji ana kazi mbili zaidi. Aijulishe LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ili leseni ya usafirishaji isiendelee kusomeka kwenye gari lisilokuwepo, na aulize utaratibu wa kuweka gari mbadala. Kisha aiandikie TRA kueleza kwamba gari limeacha kazi tarehe fulani, akiambatanisha ripoti ya polisi, ili makadirio ya kodi ya mapato yasiendelee kulihesabu. Mfumo haujui ajali yako mpaka uuambie.

Kampuni ikichelewa

Nyaraka zote zikishakamilika, kampuni ina siku 45 za kulipa. Kwa hiyo kila unapowasilisha karatasi, hakikisha unasainiwa nakala yenye tarehe. Siku zikipita, andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Usiporidhika, nenda TIRA Kanda ya Ziwa, jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mwananchi apate haki bila kuanzia mahakamani.

Ndugu msomaji, leo hii fungua bahasha ya gari lako. Angalia kama jina kwenye kadi ni lako, kama stika inasomeka TIRA, na kama thamani iliyoandikwa ni ya mwaka huu. Wengi wa Mara wanaendesha magari yenye majina ya waliowauzia miaka mingi iliyopita, na ajali ikitokea, dai la bima linaanza kwa mabishano kuhusu mwenye gari. Hamisha umiliki sasa, gari likiwa zima.