Adamaiti: Mfano wa Kufundishia Uainishaji wa Madini

Mpe mtoto wa Darasa la Tano kapu la mawe, umwambie ayapange katika mafungu. Atayapanga kwa rangi: meupe peke yake, mekundu peke yake, yenye kumeta peke yake. Hatuna haja ya kumgombeza, kwa kuwa macho ndiyo mwalimu wa kwanza wa kila mtu. Lakini mwalimu anayemwacha mtoto katika mafungu ya rangi amefundisha kupanga tu, hajafundisha kuainisha. Kuainisha ni kutafuta ni sifa ipi ya kitu yaweza kubadilika na kitu kikabaki kile kile, na ni sifa ipi ambayo ikibadilika, kitu nacho huwa kingine.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa madini ya nadra yaitwayo adamaiti. Tumeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, rangi zake hulaghai macho kuliko za madini mengi. Pili, zaidi ya robo ya uzito wake ni aseniki, ambayo ni sumu. Kwa hiyo yanatulazimisha kufikiri juu ya yale ambayo mwalimu hapaswi kuyaleta darasani. Tangu sasa na ieleweke kwamba adamaiti ni maarifa ya mwalimu, si kifaa cha wanafunzi kushika. Kazi ya mikono itafanywa kwa mawe mengine tutakayoyataja.

Asili yake

Adamaiti ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1866 na mkemia wa Kifaransa, Charles Friedel, kutokana na sampuli zilizotoka Chañarcillo, machimbo ya fedha ya huko Chile. Sampuli hizo alipewa na Gilbert-Joseph Adam, mtaalamu wa madini, na jina la madini likatokana naye. Baadaye iligunduliwa pia Lavrion katika Ugiriki, Tsumeb katika Namibia, na hasa katika mgodi wa Ojuela, karibu na Mapimí katika jimbo la Durango, Meksiko, ambako fuwele nzuri mno zimepatikana.

Haizaliwi kilindini. Chini kabisa ya mgodi, mahali ambapo hewa haifiki, zinki na aseniki hukaa zimeungana na salfa katika mawe ya asili. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa, yakiwa na oksijeni, mawe hayo huoza polepole kama msumari uliao kutu. Chuma kilichomo hubaki kuwa kutu ya rangi ya kahawia. Zinki na aseniki huyeyuka, husafiri kidogo na maji, kisha hukutana na kuganda upya katika matundu ya kutu ile. Ndiyo sababu adamaiti hukaa sehemu za juu za migodi, na mara nyingi fuwele zake za manjano huonekana zimekalia jiwe la kahawia.

Sifa zake

Fomula yake ni Zn₂(AsO₄)(OH): zinki, aseneti na haidroksili. Mng'ao wake ni kama wa kioo, nayo ni rahisi kuvunjika. Ugumu wake ni 3.5 katika kipimo cha Mohs, yaani huikwaruza kalsaiti lakini hukwaruzwa na floraiti; ukucha hauiwezi, kisu chaiweza. Densiti yake linganishi ni kati ya 4.3 na 4.5. Kwa jiwe lenye mng'ao wa kioo huo ni uzito mkubwa, kwani kwatzi haizidi 2.65 hivi. Mwanachuo asiyezoea kipimo hiki na akumbuke hesabu yake: kipande kikiwa gramu 88 hewani, na gramu 68 kikining'inizwa ndani ya maji, tofauti ni gramu 20; tukigawa 88 kwa 20 twapata 4.4.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako ndiko kwenye kiini cha somo. Adamaiti iliyo safi kabisa haina rangi. Mara nyingi huonekana ya manjano. Shaba kidogo ikichukua nafasi ya baadhi ya zinki, inakuwa kijani. Kobalti huifanya ya waridi. Mwaka 1981 katika mgodi wa Ojuela zilipatikana fuwele za zambarau, na kilichozitia rangi hiyo ni manganizi. Haya yote ni adamaiti. Mtoto wetu mwenye kapu angeyaweka katika mafungu manne au matano, na katika fungu la kijani angeyachanganya na mawe ya shaba yasiyo na udugu nayo.

Lakini adamaiti hizo zikisagwa, zote hutoa unga mweupe. Hiyo ni sifa ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuitumia kwa faida kubwa, maana rangi ya unga huaminika kuliko rangi ya jiwe zima. Hata hivyo, unga mweupe ni wa mawe mengi. Huondoa wageni, hautambulishi wenyeji.

Kuna sifa nyingine inayopendeza watazamaji katika majumba ya makumbusho: ikimulikwa gizani kwa miale ya urujuanimno, adamaiti nyingi hung'aa kijani kikali. Mng'ao huo husababishwa na urani iliyomo kwa kiasi kidogo sana. Mtu angedhani hapo tumepata alama ya kudumu. Hatujapata. Shaba ikiingia, mng'ao hufifia au huzimika kabisa, na madini yamebaki yale yale.

Jamii yake

Swali hili la kuainisha liliwasumbua wataalamu wenyewe kwa muda mrefu, na yafaa mwanachuo ajue hivyo, ili asione uainishaji kama orodha iliyoshuka kutoka mbinguni. Msweden Jöns Jakob Berzelius alipoanza kupanga madini kwa kemia, aliyapanga kwa metali: yote yenye zinki pamoja, yote yenye shaba pamoja. Kisha mwaka 1819 mwanafunzi wa kemia wa Kijerumani, Eilhard Mitscherlich, akagundua jambo lililoshangaza. Alikuwa akichunguza chumvi za fosfeti na za aseneti, akaona kwamba fuwele zake zina umbo moja, ingawa ndani yake kuna elementi mbalimbali, fosforasi huku na aseniki kule. Atomu moja yaweza kukalia kiti cha nyingine bila kuibomoa nyumba. Berzelius aliuona uzito wa ugunduzi huo, na mwaka 1824 akaupindua mpango wake mwenyewe: tangu hapo madini yalipangwa kwa sehemu ile ya pili ya kampaundi, yaani kaboneti, salfeti, fosfeti, aseneti na kadhalika. James Dwight Dana wa Marekani naye alikuwa ameyapanga madini kwa mfano wa mimea, lakini mwaka 1850 akaacha njia hiyo na kufuata kemia.

Kwa nini sehemu ile ya pili? Katika aseneti, atomu moja ya aseniki hukaa katikati ya atomu nne za oksijeni, zimeshikana kwa nguvu. Kifungo hicho ndicho nguzo ya jengo. Zinki, shaba, kobalti na manganizi ni wapangaji: huingia na kutoka, na wakati mwingine hubadilisha rangi ya ukuta tu.

Kwa mujibu wa mpango wa Mjerumani Hugo Strunz, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1941 na ambao baada ya kusahihishwa bado unatumika, adamaiti imo katika kundi la nane, pamoja na fosfeti na vanadeti. Ndugu yake wa karibu ni olivenaiti, ambayo ni aseneti ya shaba. Kati ya ndugu hawa wawili hakuna ukuta, bali kuna mteremko: zinki hupungua na shaba huongezeka kidogo kidogo. Mwaka 2007 yalielezwa kutoka Lavrion madini yenye shaba na zinki nusu kwa nusu, yakapewa jina lake, zinkolivenaiti. Hapa tukiri kwamba mpaka mwingine ni wa asili, na mwingine umekubaliwa na watu ili waelewane.

Wala fomula peke yake haitoshi. Mwaka 1956 George Switzer alieleza madini kutoka Ojuela yenye fomula ile ile ya adamaiti, herufi kwa herufi, lakini atomu zake zimepangwa kwa namna nyingine na fuwele zake zina umbo jingine. Yanaitwa paradamaiti. Na pacha wake wa umbo tunaye karibu: ni tabutaiti, fosfeti ya zinki iliyoelezwa mwaka 1907 kutoka Kabwe, Zambia, mji ule ambao mwaka 1921 lilipatikana fuvu mashuhuri la binadamu wa kale. Paradamaiti na tabutaiti zina jengo moja. Tofauti ni aseniki na fosforasi, kama Mitscherlich alivyofundisha.

Namna ya kulifundisha

Tumia kwatzi na mawe ya chokaa. Wanaoishi pwani watumie jiwe la matumbawe. Kusanya kwatzi nyeupe, na nyingine yenye rangi yoyote ipatikanayo, pamoja na chokaa nyeupe. Waache wanafunzi wayapange wapendavyo. Bila shaka kwatzi nyeupe itawekwa pamoja na chokaa nyeupe. Usiseme neno. Kisha wape kisu na maji ya ndimu. Chokaa itakwaruzwa, na unga wake ukidondoshewa ndimu utatoa mapovu. Kwatzi, iwe nyeupe au ya waridi, haitakwaruzwa wala kutoa mapovu, nayo itakwaruza kioo cha chupa. Mafungu yatavunjika na kuundwa upya na wanafunzi wenyewe. Hapo, na si kabla, chora ubaoni fuwele tano za adamaiti kwa chaki za rangi, uwaulize: haya ni madini mangapi? Tunaona ni afadhali dakika kumi za mabishano juu ya swali hilo kuliko ukurasa mzima wa majina ya kukariri.

Katika darasa la juu, waweza kuongeza hesabu. Uzito wa atomu za zinki mbili ni 130.8, aseniki 74.9, oksijeni tano 80, haidrojeni 1, jumla 286.7. Wanafunzi watafute aseniki ni asilimia ngapi. Watapata 26.

Jibu hilo na liwe mlango wa kusema juu ya usalama. Vitabu vya zamani humwagiza mchunguzi aunguze madini ya aina hii juu ya kaa la moto, anuse harufu kama ya kitunguu saumu, ndipo ajue aseniki imo. Kipimo hicho ni cha kweli, nacho ni hatari: anayenusa anavuta moshi wa sumu. Kisifanywe shuleni hata kwa mfano. Aseniki ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ngozi na huleta saratani. Aidha, kuna jaribio la kuonja mawe ili kutambua chumvi, ambalo walimu wengine bado hulionyesha. Tunalipinga, kwa kuwa mtoto aliyeruhusiwa kuonja jiwe moja hatakuuliza kabla ya kuonja la pili. Jiwe lolote lisilojulikana, hasa lililotoka katika mashimo ya machimbo, lisisagwe wala kuunguzwa darasani. Liwekwe katika chupa yenye kifuniko, liandikwe mahali lilipookotwa, na wanafunzi wanawe mikono kabla ya kwenda kula.