Steringi Hafi? Tujifunze Kuzitaja "Zilezile" za Hadithi



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ujiji, paroko akaniomba nikae na vijana jioni za Jumamosi. Niliandaa mada nzito kwelikweli, si unajua mtu ukishapata digrii ya falsafa unataka kila mtu ajue. Dakika kumi tu, nikaona wawili wa benchi la nyuma wameinamia simu. Wanaangalia sinema. Badala ya kukasirika nikawauliza, "Sasa hiyo inaishaje?" Mmoja akajibu bila hata kuinua uso: "Frateri, steringi hafi. Hizi ni zilezile tu."

Mada yangu ikafa hapohapo, na mada ya leo ikazaliwa.

1. Kwanza tuzipe majina

Aliyekulia Ujiji au Mwanga anakijua kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, joto, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya sinema. Wengi wetu tulimwelewa Schwarzenegger kupitia watafsiri kama Lufufu, ambao hawakutafsiri maneno tu. Walituonyesha yupi ni steringi, yupi ni adui, na yupi amekuja kufa tu. Bila kujua, tulikuwa darasani. Tulikuwa tunajifunza kwamba hadithi zina desturi zake, vipande vinavyojirudia kutoka sinema moja hadi nyingine.

Wasomi wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichapa kitabu baada ya kuchambua ngano 100 za kwao, akaona zote zinajengwa kwa matendo yaleyale 31 yanayofuatana. Sisi tulikuwa na ubao na chaki. Nikawaambia vijana, "Haya, tajeni zilezile mnazozijua, na kila moja tuipe jina." Hizi ndizo zilizopata kura nyingi:

Steringi hafi. Risasi za maadui mia hazimpati. Yake moja inaangusha watu watatu.

Utajiri wa kafara. Maskini anashauriwa na rafiki tajiri, anaingia kwenye kikundi cha siri, anamtoa mtu wa damu yake, anatajirika, halafu marehemu anaanza kumtokea. Sinema ya Nigeria ya mwaka 1992, Living in Bondage, ndiyo iliyoipa nguvu desturi hii: mume anamtoa mke wake kafara. Ukiangalia filamu zetu za Bongo, utaikuta imehamia na kujenga.

Kumbe ni ndugu. Wapendanao wanakaribia kufunga ndoa, mara mama anaona kovu au mkufu shingoni, anaanguka chini: "Mwanangu!" Hii ni ya kale mno. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi na tamthilia, aliizungumzia kabla ya Kristo, akataja hata kovu la Odysseus. Yeye aliiita utambuzi: mtu anatoka kutojua, anaingia kujua.

Mchungaji wa dakika ya mwisho. Matatizo ya saa mbili yanamalizwa na sala ya sekunde thelathini. Wagiriki nao walikuwa na ya kwao: mungu alishushwa jukwaani kwa mashine ili amalize mambo. Aristotle hakuipenda. Alitaka mwisho uzaliwe na hadithi yenyewe.

Bibi mwenye macho mekundu. Kikongwe anaishi peke yake, muziki unabadilika, kamera inasogea machoni. Hujaambiwa chochote, lakini tayari unajua: mchawi.

Hiyo ya mwisho iliwachekesha sana. Mimi sikucheka, na sababu nitaisema.

2. Zilezile si dhambi

Hapa dada mmoja akauliza swali zuri: "Kwa hiyo Frateri, hadithi ikiwa na zilezile ni mbovu?" Hapana. Desturi ni kama njia iliyokanyagwa na wengi: inakupeleka haraka, na ukiiacha, kila mtu anaona umeiacha. Biblia yenyewe inazo.

Fungua Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu anasafiri nchi ya mbali, anafika kisimani, binti anakuja kuchota maji, anakimbia nyumbani kutoa habari, mwisho ni ndoa ya Isaka na Rebeka. Fungua Mwanzo 29: Yakobo, kisima, Raheli, anakimbia kumwambia baba yake, ndoa. Fungua Kutoka 2: Musa mkimbizi, kisima, binti za kuhani wa Midiani, ndoa na Sipora. Mtaalamu wa fasihi Robert Alter aliyachambua mandhari haya katika kitabu chake cha mwaka 1981, The Art of Biblical Narrative. Kwa lugha yetu ya ubaoni tungesema: ukiona mgeni kisimani, andaa pilau.

Sasa soma Yohane 4 ukiwa na hilo kichwani. Mwanamume msafiri, nchi ya wageni, kisima, tena kisima cha Yakobo! Mwanamke anakuja na mtungi. Na sura moja nyuma, Yohane Mbatizaji ametoka kumtaja Yesu kuwa ni bwana arusi. Aliyezoea zilezile anangoja binti wa ukoo mzuri. Anayekuja ni Msamaria aliyekuwa na waume watano, na aliye naye sasa si mume wake. Wanafunzi wakirudi wanashangaa. Lakini Bwana hakukosea kisima. Anamtafuta huyohuyo ambaye hadithi ilikuwa imeshamtoa kwenye orodha. Naye, kama Rebeka na Raheli, anakwenda kutoa habari, hata mtungi anauacha. Usipoijua desturi, unaona mazungumzo juu ya maji tu. Ukiijua, unaona Mungu anaposa taifa lililodharauliwa.

Na vipi kuhusu "steringi hafi"? Soma Mathayo 16. Yesu anasema atateswa na kuuawa. Petro anamvuta pembeni na kumkemea. Jamani, Petro ni mtoto wa kibanda umiza kabisa! Kwake haiwezekani, steringi hafi. Jibu alilopewa mnalijua, ni kali kuliko yote aliyowahi kupewa. Ijumaa Kuu, steringi alikufa, akazikwa. Na alipofufuka alirudi na makovu yake, akamwonyesha Tomaso. Kovu la utambuzi, lile la Aristotle, lipo hata hapo. Injili inazijua zilezile zetu zote, ila haikubali zitawale ukweli.

3. Nani anapewa sura, nani anaachwa nyuma

Dunia nzima inaujua mji wetu kwa ileile moja: shujaa amepotea, shujaa mwingine anamtafuta, wanakutana. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone hapa Ujiji, na kumbukumbu ya mkutano huo ipo mpaka leo karibu na miembe. Mwaka uliofuata Stanley akatoa kitabu. Lakini jiulize: alipotea kwa nani? Watu wa Ujiji walimjua, alikuwa amefika kwao tangu mwaka 1869. Desturi ya "mpelelezi shujaa" inataka wenyeji wawe umati wa kupunga mikono.

Katika umati huo alikuwamo Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyekimbia kumpokea Stanley na kumpelekea bwana wake habari. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, mwenzake James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bagamoyo, ambako mwaka 1874 ulipokelewa kwenye misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu. Hadithi ya namna hiyo ingetosha kumfanya mtu yeyote awe steringi. Lakini nilimaliza shule ya msingi Ujiji nikimjua Stanley, Susi simjui.

Ndiyo maana nasema kuzitaja zilezile si mchezo wa wasomi. Desturi ya hadithi huamua nani apewe sura na nani aachwe nyuma, na huamua pia nani awe adui hata kabla hajafanya kitu.

4. Bibi wa jirani

Sasa niseme kwa nini sikucheka.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, mtaani kwetu aliishi bibi mmoja peke yake. Alichemsha mawese nyuma ya nyumba, tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye moshi. Macho yake yalikuwa mekundu. Wiki moja tuliangalia kibandani sinema yenye kikongwe wa aina hiyo. Tulipotoka, nikiwa natafuta kuchekesha wenzangu, nikasema, "Yule wa kwenye sinema si ndiyo Bibi huyu wa mawese?" Tukacheka. Kesho yake watoto wakaanza kumkimbia njiani.

Baada ya muda mtoto mchanga wa mtaa ule akafa kwa homa. Neno lililokuwa la watoto likapanda kwa watu wazima. Sikuona mtu akimpiga. Niliona tu watu wakiacha kununua mawese yake, wakiacha kumjibu salamu. Asubuhi moja mlango ulikuwa umefungwa. Walisema amekwenda kwa binti yake, Kasulu.

Mungu alimwepusha na baya zaidi. Huku magharibi na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa shutuma za uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe huyafanya mekundu kwa yeyote anayepika miaka hamsini.

Likizo hii nilimuuliza mama habari zake. Akasema alishafariki, hukohuko Kasulu. Kisha akasema, "Yule bibi wa watu hakuwa na neno. Nani alianza maneno yale, mpaka leo hatujui." Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua dagaa.

Nilishaungama. Lakini nilichofundishwa na ukimya ule ni hiki: sikuwa na chuki na yule bibi hata kidogo. Nilikuwa na hadithi tu, na sikujua kwamba ni hadithi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inamhesabu kuwa na kosa la kuhukumu ovyo hata yule ambaye kimoyomoyo tu analikubali kuwa kweli kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Kimoyomoyo! Yaani hata muziki ule wa sinema unaobadilika ndani ya kichwa chako mtu fulani anapopita, tayari ni jambo la kujichunguza. Sisemi sinema ilimfukuza bibi. Sinema ilinipa kinyago, mimi ndiye niliyemvisha.

5. Kazi ya wiki hii

Sikuagizi uache kuangalia sinema. Mimi mwenyewe naangalia. Ila fanya mambo matatu.

Moja: kila sinema au tamthilia utakayoiona wiki hii, taja ileile yake kwa jina. Kama haina jina, libuni. Ukishaitaja, huwezi kuimeza bila kuitafuna.

Mbili: uliza ni nani aliyewekwa humo ili achekwe, aogopwe au afe tu. Mama wa kambo? Dada wa kazi? Mlemavu? Mganga? Kikongwe? Halafu mtafute mtu wa namna hiyo katika maisha yako, mpe salamu, keti, msikilize. Utakuta hafanani na yule wa kwenye skrini.

Tatu: usiku kabla ya kulala, soma Yohane 4:1-42 polepole, na jiulize: mimi nimemtoa nani kwenye orodha ambaye Bwana anamngoja kisimani?

Tusali. Ee Bwana Yesu, Maria Magdalena alikudhania mtunza bustani mpaka ulipomwita kwa jina lake. Utuondolee vinyago tulivyowavisha jirani zetu, nasi tujifunze kuwaita kwa majina yao. Umpumzishe kwa amani bibi wa mawese. Amina.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na kama kuna ileile ambayo hatukuiweka ubaoni, niandikie.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri